Likelemba wakati wa kukimbia: kundi lijitayarishe namna gani?

Likelemba, wengine wanasema likirimba, ni desturi ya kuchanga feza pamoja na kupokezana kwa zamu. Katika Kivu inapatikana ku soko, kati ya majirani, kanisani na kazini. Haiombi benki wala karatasi ya serikali. Inaomba kitu kimoja tu: kila mtu awe pale juma lijalo. Na kwetu, ndicho kitu ambacho hakuna anayeweza kuahidi.

Hesabu inapokatika

Tuseme kuko mama 10. Kila siku ya posho kila mmoja anatoa franga 10 000, na mmoja anabeba 100 000, mpaka wote wapate. Kama vita inawatawanya kisha juma la 4, wanne wamekwisha kubeba, sita bado. Wale sita wametoa 40 000 kila mmoja bila kupata kitu: jumla ni franga 240 000. Hakuna aliyeiba, lakini wanne wako na deni. Hapo ndipo uaminifu unavunjika, na watu wakirudi hawataki tena kuanza.

Wakaaji wa Goma wanajua jambo hili. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya muji. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 volkano ililipuka tena, na siku tano kisha pale serikali iliamuru mitaa 10 kati ya 18 ihame. Jirani mmoja alienda Sake, mwingine Minova, mwingine Bukavu ao Rwanda. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati M23 iliingia Goma, benki zilifunga milango na feza ikawa ngumu kupata.

AVEC iliongeza nini

AVEC ni ndugu mdogo wa likelemba. Namna hiyo ilianzia Niger mwaka 1991, na shirika CARE, kati ya wanawake wa vijiji. Kundi ni la watu 15 mpaka 25. Wananunua hisa, wanakopeshana, na mwisho wa mzunguko, kwa kawaida miezi 9 mpaka 12, wanagawana. Sanduku liko na makufuli matatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Kuko pia mfuko wa msaada kwa ugonjwa na kilio.

Lakini makufuli matatu yanazuia mwizi wa ndani, si mwenye bunduki. Na kama wenye funguo wamekimbilia njia tatu, sanduku halifunguki.

Mambo ya kujaribu sasa

*Mzunguko mfupi.* Watu 10 wanaweza kugawanyika makundi mawili ya watu 5. Kwa mfano wetu, hasara kubwa kabisa katika kila kundi inashuka mpaka franga 60 000.

*Hesabu katika mikono mitatu.* Nakala ya kaye ikae kwa watu watatu wa mitaa tofauti. Wengine wapige picha na telefone. Tumieni namba badala ya majina, ili karatasi ikipotea isionyeshe nani yuko na feza.

*Sanduku jepesi.* Feza ikae kwa mikopo midogo, si kulundikana. Mukubaliane ni alama gani inatosha ili mugawane mapema.

*Sheria ya deni.* Aliyebeba akakimbia atalipa lini? Aliyenyang'anywa njiani asamehewe? Mujibu sasa, wakati hakuna mwenye hasira.

*Zoezi.* Mufanye mkutano mmoja kama vile mumekimbia: sanduku halipo, prezida hayupo, kaye ya kwanza imepotea. Mujaribu kujua kila mtu anadai kiasi gani. Kama munashindwa, mumeona tundu pa kuziba, na hamujapoteza hata franga moja.

Hakuna sheria itakayorudisha feza yote. Faida kubwa ni ingine: watu wakikutana tena, ku kambi ao ku soko jipya, watakuwa na hesabu moja na neno moja walilokubaliana. Kwa msingi huo wanaweza kuanza zamu ya kwanza tena, hata kwa franga 500.