Wazee Wetu na Vichaka vya Uwanda wa Makonde



Katika kutimiza miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, yafaa tuwakumbuke wale waliolima Newala na Masasi kabla korosho haijapimwa kwenye mizani.

Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alifika Newala, akawakuta watu wakiishi juu ya uwanda usio na mto, wakiteremka magenge kuteka maji. Wamakonde walisimulia kwamba watoto wawili wa kwanza wa wazee wao wa asili walizaliwa wafu mabondeni. Wa tatu alizaliwa hai huko juu.

Huko juu palikuwa na vichaka vizito. Wazee walivifyeka, wakavichoma, wakapanda mtama, mihogo na kunde kwa miaka michache. Bali visiki hawakuving'oa. Shamba lilipochoka waliliacha, visiki vikachipua, na rutuba ikarudi. Mgeni aliona pori. Mwenyeji aliona akiba yake. Tena mchanga wa uwanda hunywa mvua upesi, na maji hayo hayo ndiyo yatokeayo chini ya magenge.

Kisha ukaenea mkorosho, mti wa Brazil ulioletwa pwani na Wareno. Umetusomeshea watoto na kutuezekea nyumba. Msimu wa 1973/74 mavuno ya nchi yalifika kama tani 145,000. Lakini watu walihamishiwa vijijini, wakawa mbali na mikorosho yao. Vyama vikuu vikavunjwa mwaka 1976, hata sheria ya 1982 ikavirudisha. Ubwiriunga nao ukaingia. Katika miaka ya 1980 mavuno yalishuka chini ya tani 20,000.

Salfa imeuokoa mkorosho. Hata hivyo salfa haipumzishi ardhi, na shamba la mikorosho halirudi kuwa kichaka. Aliyetegemea zao moja, likiugua, huugua nalo.

Hatusemi turudi kuhamahama. Watu wamekuwa wengi na ardhi ni ile ile. Twasema vichaka vya magengeni, juu ya chemchemi, visiguswe. Mbaazi na kunde zipandwe kati ya mikorosho michanga. Na kila chama cha msingi kiwaulize wazee wake, Wamakonde, Wamakua na Wayao, majina ya miti na desturi za kupumzisha shamba, kisha kiyaandike. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Daftari la mauzo tunalitunza vema. Na hili tulitunze vivyo hivyo.