Kupungua kwa kasi ya intaneti ya waya

Kupungua kwa kasi ya intaneti ya waya ni hali ambapo kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa kebo hupata kasi ndogo kuliko ile anayoilipia mteja. Kwa kuwa waya husifiwa kuwa imara kuliko Wi-Fi, watu wengi hudhani kwamba kebo ikishachomekwa na kurasa zikafunguka, basi haina kasoro, na lawama zote huelekezwa kwa kampuni inayouza huduma. Pengine lawama hiyo ni ya haki. Lakini kuna nyumba ambamo mteja hupandisha kifurushi chake na kulipa zaidi kila mwezi bila kuona tofauti yoyote, kwa sababu kasoro iko katika kebo fupi iliyobanwa na mguu wa meza.

Biti na baiti

Kabla ya kutafuta kasoro inafaa kuhakikisha kwamba ipo. Kampuni hutaja kasi kwa megabiti kwa sekunde, ilhali programu nyingi za kupakua faili huonyesha megabaiti. Baiti 1 ni biti 8, kwa hiyo megabiti 100 kwa sekunde ni sawa na megabaiti 12.5, na kwa kweli hupungua kidogo kwa sababu sehemu ya biti hubeba anwani na taarifa nyingine za safari. Baadhi ya malalamiko huishia hapa.

Kebo na jozi zake

Kompyuta ya nyumbani huunganishwa na ruta kwa mfumo uitwao Etaneti, uliobuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na David Boggs katika maabara ya Xerox huko California, Marekani. Kebo inayotumika leo ina nyaya 8 nyembamba zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi 4: ya machungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia. Katika kila jozi waya mmoja una rangi kamili na mwenzake ni mweupe wenye mstari wa rangi hiyo.

Etaneti ya megabiti 100 hutumia jozi 2 tu. Ile ya megabiti 1000, iliyosanifishwa mwaka 1999, huhitaji zote 4. Waya mmoja wa buluu au wa kahawia ukikatika, au pini moja ya plagi isiposhika vizuri, ruta na kompyuta hushindwa kuelewana kwa megabiti 1000, na vifaa vingi vya kisasa hushuka vyenyewe hadi 100. Taa huendelea kuwaka na hakuna onyo lolote. Dalili yake ni kwamba kila kipimo cha kasi hugota karibu na megabiti 94, hata kama kifurushi ni cha 200 au 500.

Katika Windows kasi ya kiungo huonekana kwenye mipangilio ya mtandao, katika sifa za Etaneti. Katika Linux hutolewa na amri ya ethtool. Ikiandikwa 100 mahali pa 1000, hatua ya kwanza ni kubadilisha kebo, kwani ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Kama namba haibadiliki, huenda matundu ya ruta yenyewe yametengenezwa kwa megabiti 100 tu, jambo la kawaida kwa ruta za bei nafuu.

Kosa lingine hufanywa na fundi anayefunga plagi. Mpangilio sahihi huweka jozi moja kwenye pini 1 na 2, nyingine kwenye 3 na 6, ya buluu kwenye 4 na 5, na ya kahawia kwenye 7 na 8. Asiyejua hupanga jozi kwa mfuatano unaopendeza macho, kutoka pini ya 1 hadi ya 8, pande zote mbili. Umeme hupita, na kifaa rahisi cha kupimia chenye taa huonyesha kwamba kebo ni nzima. Hata hivyo pini 3 na 6 sasa zimepata nyaya za jozi tofauti, na msokoto ambao kazi yake ni kuzuia mwingiliano wa mawimbi hausaidii tena. Kebo fupi ya namna hii huweza kufanya kazi, ile ndefu hupoteza data. Kebo za alumini iliyopakwa shaba nazo hukatika kwa urahisi na hupitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu. Hata kebo nzuri haipaswi kuzidi mita 100.

Kutenga chanzo

Kipimo cha maana hufanywa kwa kompyuta moja, vifaa vingine vikiwa vimezimwa, na programu zinazosasisha mfumo au kupeleka picha kwenye hifadhi ya mbali zikiwa zimesimamishwa. Upakiaji unaojaza njia ya kutoka huchelewesha upakuaji pia. Amri ya ping kuelekea anwani ya ruta husaidia kutenganisha ndani na nje: kwa waya jibu hurudi kwa kawaida chini ya milisekunde 1 au zaidi kidogo, na hakuna pakiti inayopaswa kupotea. Ruta ikijibu vyema huku tovuti za nje zikisuasua, kebo haina hatia.

Nje ya nyumba sababu ni nyingi, kuanzia msongamano wa jioni hadi mikongo ya baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo kubadilisha kebo ya nyumbani ni kupoteza fedha. Mteja anayeandika vipimo vyake vya asubuhi, mchana na usiku kwa siku kadhaa, vyote kwa waya, huwa na hoja nzito anapopiga simu kwa kampuni, na humwepusha fundi asianze na shauri la kuzima ruta na kuiwasha tena.