Kitabu kilicholipiwa kabla ya kuchapishwa



Juzi kijana mmoja aliyekimbia vita alinionyesha daftari tatu zilizojaa maandishi yake. Ni riwaya juu ya familia inayotembea kwa mguu ikiacha kijiji chao. Mwenye mashini ya kuchapa amemuomba pesa ambazo hana. Akaniuliza: «Watu wanaweza kununua kitabu ambacho hakijatoka?» Nilimjibu kwamba wamekwisha kufanya hivyo, tena zaidi ya miaka 200 iliyopita, kwa mtu aliyepoteza kwao kuliko sisi. Habari yake ndiyo hii.

Anaitwa Olaudah Equiano. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alizaliwa karibu mwaka 1745 katika nchi ya Waigbo, ambayo leo iko Nijeria, na kwamba alitekwa pamoja na dada yake alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi. Aliuzwa, akavushwa bahari, akauzwa tena. Alitumika katika manuari za Uingereza wakati wa vita. Alipofikiri kwamba vita imemletea uhuru, bwana wake akamuuza mara nyingine, akapelekwa kisiwa cha Montserrat.

Huko alianza biashara ndogo, kama mama zetu wa sokoni. Mtaji wake ulikuwa peni 3. Alinunua bilauri moja kwenye kisiwa kimoja, akaiuza kwingine kwa peni 6. Aliendelea hivyo kidogo kidogo, kisiwa kwa kisiwa, na mara nyingine wazungu walimnyang'anya mali bila mahali pa kushtaki. Mwaka 1766 alifikisha pauni 40, akajinunua mwenyewe kutoka kwa bwana wake.

Miaka 20 baadaye alikuwa London. Serikali ya Uingereza ilikuwa inaandaa safari ya kupeleka watu weusi maskini wa mji ule Sierra Leone, naye akapewa kazi ya kusimamia chakula na vifaa vyao. Akaona vitu vimelipiwa lakini havifiki kwa wenyewe. Aliposema wazi, hakuondolewa aliyeshtakiwa, aliondolewa yeye, mwaka 1787, na magazeti yakamchafua jina. Nyinyi mliokwisha kupanga mstari mkingoja msaada mnaelewa habari hii bila kufafanuliwa. Alidai haki yake, na mwishoni akalipwa pauni 50.

Basi mtu huyo, jina lake likiwa bado linabishaniwa, ndiye aliyeamua kuandika maisha yake. Wakati ule wauza vitabu wa London walizoea kununua maandishi mara moja tu: mwandishi anapewa pesa kidogo, faida yote inabaki kwao. Equiano alichagua njia nyingine. Alitoa tangazo kwamba kitabu kinakuja, bei ni shilingi 7 kikiwa na jalada gumu, na anayekitaka alipe nusu sasa, nusu akikipokea. Shilingi 7 zilikuwa karibu mshahara wa wiki nzima wa kibarua wa shambani, kwa hiyo hakuwa anaomba kitu kidogo.

Kitabu kilitoka mwaka 1789, Bunge la Uingereza likiwa limeanza kujadili biashara ya watumwa. Kurasa za mbele zilikuwa na orodha ya majina 311 ya watu waliolipa. Mwana wa mfalme alikuwamo. Alikuwamo pia Ottobah Cugoano, Mwafrika mwenzake aliyepitia utumwa na kuandika juu yake. Orodha hiyo ilikuwa na maana kuliko pesa. Yeyote aliyejiuliza kama mtu huyu ni wa kuaminiwa alikuta mbele majina ya waliomwamini kwanza. Na haki ya kitabu Equiano hakuiuza. Aliiandikisha kwa jina lake.

Lakini watu 311 hawatoshi kuwa wasomaji wa kitabu. Kwa hiyo alifunga safari. Alikwenda Cambridge, Birmingham, Manchester na Sheffield. Kisha Ireland, kisha Scotland. Kila mji aliingia na barua kutoka kwa mtu anayejulikana, akakaa kwa watu, akazungumza nao juu ya utumwa, akauza kitabu, na alipoondoka akawashukuru wenyeji katika gazeti la mji wao. Barua za mji mmoja zilimfungulia mlango wa mji unaofuata. Ireland peke yake, kwa miezi michache ya 1791 na 1792, aliandika kwamba ameuza vitabu 1,900. Hadi mwaka 1794 kitabu kilikuwa kimechapishwa mara 9, na orodha ya waliolipa mbele ilikuwa imefika majina 894.

Taabu hazikukosa. Huko New York walikichapa bila kumuuliza. Mwaka 1792, akiwa Scotland, gazeti moja la London liliandika kwamba ni mwongo, kwamba hakuzaliwa Afrika. Alijibu kwenye chapa zilizofuata, akiwaita mashahidi watu waliomwona alipofika Uingereza akiwa hajui lugha nyingine ila ya Afrika. Ubishi huo haujaisha hata leo, kwa sababu karatasi yake ya ubatizo ya mwaka 1759 inamtaja kuwa mzaliwa wa Carolina, Marekani. Wako wanahistoria wanaoifuata karatasi, na wako wanaomfuata yeye. Sisi ambao vyeti vyetu viliungua pamoja na nyumba, au viliandikwa vibaya na karani mwenye haraka, tunajua kwamba karatasi na maisha hazipatani kila mara.

Equiano alifariki mwaka 1797. Sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa Uingereza ilipita mwaka 1807, hakuiona. Lakini kitabu chake kilikuwa kimeingia katika nyumba nyingi, na binti yake aliyebaki hai alipofikisha umri wa miaka 21 alirithi pauni 950.

Hata hapa Kongo maskini wamekwisha kujiandikia habari yao. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji kwa Kiswahili cha huko, kwa jina la chama cha waliokuwa maboyi wa nyumba za wazungu. Leo wataalamu wa dunia wanaisoma.

Kijana wangu ameondoka na kazi tatu. Aandike katika daftari la nne jina la kila anayelipa, na kiasi alicholipa. Achukue nusu tu, ili watu wawe na haki ya kumdai kitabu. Na kabla ya kuomba hata franka moja, awasomee watu sura ya kwanza, jioni, pale kambini, kwa sauti. Maana watu wamechoka na michango isiyorudi, na wana haki ya kuchoka.

Sura ya kwanza mimi nimekwisha kuisoma. Jina langu ni la kwanza katika daftari lile.