Kijana wa Kutch na Maduka ya Bara

Katika mtaa wa Huruma, upande wa mashariki wa Nairobi, nyumba za ghorofa zimesongamana hata jua halipati njia ya kufika chini, na mengi ya majengo yana duka mlangoni. Sukari huuzwa kwa robo, mafuta ya kupikia kwa vikombe, na penye kuaminiana huwapo daftari la madeni. Neno duka lenyewe ni mgeni: Waarabu, Waajemi na Wahindi walilitumia kabla halijawa letu. Apendaye kujua jinsi biashara hii ilivyopenya bara, na amfuate mtoto mmoja aliyevuka bahari.

Allidina Visram alizaliwa Kutch, magharibi ya India, mwaka 1851. Alipofika Bagamoyo alikuwa na umri wa miaka 12 hivi, na mali hakuwa nayo. Alipata kazi kwa tajiri Sewa Haji Paroo, aliyeipa misafara nguo, shanga na wapagazi. Wengi husema kijana huyu alitajirika kwa bidii. Bidii alikuwa nayo, sikatai. Lakini wapagazi nao walikuwa na bidii, wakabeba mizigo mizito kutoka pwani hata Tabora na Ujiji, wala hatusikii kwamba walitajirika. Tofauti ilikuwa mkopo. Miongoni mwa wafanyabiashara wa Kihindi wa pwani, mtu aliyeaminika alipewa bidhaa leo akalipa baada ya kuuza, na kwa njia hiyo kijana asiye na kitu aliweza kufungua duka.

Visram alifuata njia za misafara, akanunua pembe za ndovu na kuuza nguo na chumvi. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, mwanafunzi wake alikuwa tayari amekuwa tajiri. Wakati huo reli ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa. Kazi ilianza mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Kila reli iliposogea, maduka ya Visram yalisogea nayo, yakiwalisha watu hao. Baadaye alifika Uganda, akaingia katika pamba. Alifariki mwaka 1916. Mwanawe, Abdul Rasul, alijenga shule ya kumkumbuka huko Mombasa. Lakini mwana naye alifariki mwaka 1923, na biashara ile kubwa ikavunjika.

Je, kijana Mwafrika wa Nairobi wakati wa ukoloni hakutaka duka? Alitaka sana. Lakini alitembea na kipande shingoni, makazi yake yalipangwa katika mitaa ya mashariki kama Pumwani, na sehemu nzuri za mji hazikuwa zake. Zaidi ya hayo, sheria ya mwaka 1948 iliwekea mpaka mkopo ambao Mwafrika angeweza kupewa na mfanyabiashara asiye Mwafrika. Serikali ilisema inamlinda asizame katika madeni. Ulinzi wa ajabu huo! Mlango ule ule ambao mtoto wa Kutch aliupitia, mwenyeji alifungiwa kwa jina la huruma.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka. Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria ya leseni za biashara, na sasa asiye raia ndiye aliyezuiwa kufanya biashara katika sehemu nyingi za nchi. Wako Waasia waliozaliwa papa hapa lakini hawakuwa wamechukua uraia. Maelfu waliondoka, hasa mwanzoni mwa mwaka 1968, wakielekea Uingereza kwa pasipoti zao za Kiingereza kabla milango ya huko nayo haijafungwa. Baadhi yao walifika Leicester, wakatafuta chumba cha kupanga na mtu wa kuwakopesha bidhaa za kuanzia.