Gesi ya Ziwa Kivu: umeme, hatari, na mtungi wa jikoni kwako

Ukisikia redioni kwamba Rwanda inatoa umeme katika Ziwa Kivu, usifikiri ni maji yanayozungusha mitambo kama kule Ruzizi. Ni gesi inayochomwa. Mtambo wa KivuWatt uko Karongi, wilaya hiyohiyo ya kambi ya Kiziba, na tangu mwisho wa 2015 unazalisha megawati 26.

Gesi hiyo inaitwa methani. Imeyeyuka katika maji ya chini ya ziwa, kiasi cha mita za ujazo bilioni 60 hivi, na pamoja nayo kuna hewa ya ukaa mara tano zaidi. Kama umetoka Goma au Sake, hewa ya ukaa unaifahamu kwa jina lingine: mazuku, ile inayojaa mabondeni usiku na kuua mbuzi na watu bila harufu wala kelele. Mazuku hutoka ardhini kwenye volkano. Ya ziwani imebanwa na uzito wa maji. Mwaka 1986 ziwa dogo la Nyos, nchini Kamerun, lilitoa hewa kama hiyo ghafla na watu zaidi ya 1,700 wakafa. Kivu ni kubwa kuliko Nyos mara nyingi sana. Wataalamu wanasema tabaka zake zimetulia kwa sasa. Hata lava ya Nyiragongo iliyoingia ziwani mwaka 2002 haikuzivuruga. Kwa hiyo usikimbie, lakini uelewe kwa nini ziwa hili linapimwa kila wakati.

Kuitoa gesi si kazi ngumu kuieleza. Bomba linashuka kutoka kwenye jukwaa linaloelea hadi mita 350 hivi. Maji yakipanda, mgandamizo unapungua na gesi inatoka yenyewe, kama soda ukifungua kizibo. Inasafishwa, inapelekwa nchi kavu, inachomwa kwenye injini. Ugomvi uko kwenye maji yanayobaki: yarudishwe kina gani? Yakirudishwa juu mno, yanaweza kuchanganya tabaka zinazoshikilia gesi, na kuleta rutuba ya chini juu, mwani ukaota na samaki kama sambaza wakapata shida. Mwaka 2022 Kongo nayo ilitangaza zabuni ya vitalu vitatu vya gesi upande wake. Ziwa ni moja. Kosa la ng'ambo moja halisimami mpakani, na hapo ndipo sisi tungetaka viongozi waulizwe maswali zaidi.

Je, ni nishati safi? Safi kuliko dizeli, ndiyo. Lakini methani ikichomwa hutoa hewa ya ukaa inayopasha dunia joto, na ingebaki chini isingeongeza joto hilo. Umeme wa jua hauna moshi: Rwamagana kuna paneli 28,360 tangu 2014, megawati 8.5. Ila jua linazama saa kumi na mbili, wakati ule watu wanapowasha taa, na injini ya gesi inafanya kazi usiku kucha. Umeme wa maji, kama ule wa Matebe karibu na Rutshuru, megawati 13, unafanya kazi usiku pia. Ulijengwa ili watu waache kukata msitu wa Virunga kwa ajili ya makala. Hata hivyo nyumba nyingi bado zinapikia makala, maana umeme unawasha balbu kwa bei ndogo lakini kuchemsha maharage ni hesabu nyingine.

Sasa mtungi. Gesi ya kupikia inayotumika Mahama na kambi nyingine si ya Kivu. Ni propani na butani, inatoka kwenye mafuta na inaagizwa kupitia bandari kama Dar es Salaam na Mombasa. Methani ni nyepesi, hupanda juu. Gesi ya mtungi ni nzito, hutambaa sakafuni na kukaa shimoni, kama mazuku. Kwa hiyo usiweke mtungi kwenye shimo wala usiulaze. Usiku ukinusa harufu yake, usiwashe kiberiti, usiguse swichi ya taa. Funga koki, fungua mlango, toa watoto nje kwanza.