Kichwa cha mtoto kubonyea upande mmoja

Kichwa cha mtoto mchanga kubonyea upande mmoja huwatia wazazi hofu, iwe Zanzibar au miongoni mwa familia za Waswahili katika miji ya Ibra, Sur na Nizwa nchini Oman. Fuvu lake bado ni laini, hivyo hubonyea anapolalia upande mmoja daima.

Hali hiyo iliongezeka baada ya madaktari wa Marekani kushauri, mwaka 1992, kwamba watoto wasilazwe kifudifudi, ili kuepusha vifo vya ghafla usingizini. Mtoto aendelee kulazwa chali, ila ageuzwe kichwa huku na huku. Akiwa macho alazwe kifudifudi chini ya uangalizi. Kichwa kisifinyangwe kwa mikono.

Aghalabu umbo hurekebika lenyewe. Utosi ukifunga mapema, au fuvu likiota tuta, mtoto apelekwe kwa daktari bila kukawia.