Mkono wa Sheria katika Matunzo ya Wazazi Wazee

Ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini. Ndivyo tunavyodhani kuwa mwanadamu naye, nguvu zikimwisha, hurudi kwa watoto wake, na mambo yakawa yamekwisha. Lakini msomaji wa tarikhi hugundua kuwa mlangoni mwa zizi husimama mlinzi, naye ni sheria. Sheria haiwezi kumfundisha mtoto kumpenda mama yake. Lakini yaweza kuamua mama huyo atalala wapi, nani atalipa gharama yake, na nini kitakachobaki baada ya maziko. Mfano wa Marekani waonyesha jambo hili waziwazi.

Asili yake ni Uingereza. Sheria ya maskini ya mwaka 1601, katika enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, iliitwika kila parokia mzigo wa maskini wake, lakini iliwalazimisha kwanza wazazi na watoto wenye uwezo kusaidiana. Walowezi waliichukua fikira hiyo ng'ambo ya bahari. Pennsylvania iliiweka katika sheria zake mwaka 1771. Mzee asiye na jamaa wala mali aghalabu aliishia katika nyumba ya maskini, ambamo wakongwe, wagonjwa, wendawazimu na yatima walichanganywa chini ya dari moja. Kuingia humo kulihesabiwa kuwa fedheha.

Mwaka 1935 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Hifadhi ya Jamii. Serikali kuu ilikubali kuyasaidia majimbo kuwalipa wazee maskini, ila ilikataza fedha hizo wasipewe waliomo katika nyumba za umma. Nia ilikuwa njema: kuziua nyumba za maskini. Lakini mzee mgonjwa asiye na kwao hakupona kwa kufungiwa mlango mmoja, alitafuta mwingine. Fedha zikamfuata katika nyumba za watu binafsi, na biashara ya nyumba za kuuguzia wazee ikakua.

Tarehe 30 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria iliyozaa mipango miwili, Medicare na Medicaid. Majina yake yafanana kama ya pacha, lakini tabia zake ni mbalimbali. Medicare ni bima ya matibabu ya wazee; katika nyumba ya uuguzi hulipia siku zisizozidi 100 kwa kila kipindi cha ugonjwa, tena kwa masharti. Mzee anayehitaji kuogeshwa, kulishwa na kuvikwa nguo kwa miaka mingi hana budi kutumia mali yake mwenyewe, na ikiisha, kuomba Medicaid, ambayo ni msaada wa maskini unaoendeshwa na kila jimbo chini ya kanuni za serikali kuu.

Hapo ndipo ufukara ulipogeuka kuwa ufunguo. Katika majimbo mengi mwombaji asiye na mwenzi alitakiwa asiwe na akiba inayozidi dola 2,000, mbali na nyumba na vitu vichache. Mke au mume aliyebaki nyumbani mara nyingi aliachwa mikono mitupu, hata sheria ya mwaka 1988 ilipomhifadhia sehemu ya mali na mapato. Mwaka 1993 majimbo yaliamriwa kudai gharama kutoka katika mirathi ya marehemu. Sheria iliyotiwa sahihi Februari 2006 ikarefusha muda wa kuchunguzwa zawadi kuwa miaka mitano: aliyegawa mali yake ndani ya muda huo angeweza kunyimwa msaada kwa kipindi fulani. Kwa hiyo baba anayemgawia mwanawe shamba akiwa mzima huhesabu miaka kabla ya kuhesabu ekari.

Hata hivyo, sheria hiyo hiyo haikuwa kipofu kabisa. Imemruhusu mzazi kumpa nyumba yake, bila adhabu, mtoto aliyekaa humo akimwuguza kwa miaka miwili au zaidi na kumwepusha asipelekwe mapema katika nyumba ya uuguzi. Hapa jasho la mtoto limetambuliwa. Lakini lazima lithibitishwe kwa karatasi, na watoto wengi waliouguza wazazi hawakufikiri kuweka ushahidi wa huruma yao.

Wala deni la mwaka 1601 halikufutika. Mwaka 2012 mahakama moja ya rufani ya Pennsylvania ilikubali kuwa mtoto mtu mzima alipe kiasi cha dola 93,000 alizodaiwa mama yake na nyumba ya uuguzi.

Kwetu mjadala huu haupo mbali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 57, inataja haki ya wazee kupata matunzo kutoka kwa familia na Serikali pia. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wote waliofika miaka 70, bila kuuliza kwanza kama ni maskini. Tofauti na Medicaid ni kubwa. Mpango unaomtaka mzee awe fukara ndipo asaidiwe huwafanya watoto wafikiri juu ya mali wakati walipopaswa kufikiri juu ya mzazi. Basi atungaye sheria ya wazee na ajiulize, si gharama yake tu, bali pia itawafundisha nini wale walioketi kando ya kitanda.